Jirani Aliyemvunja Mume Wangu Mkono

Tulihamia Madale kwa sababu ya kelele. Mume wangu ni mtu wa kusini, anachonga vinyago vya mpingo, na kule Temeke tulikopanga chumba, kila alipoanza kugonga patasi kulikuwa na mpangaji wa kumfokea. Mimi ni mshonaji, nimetoka bara, nimezoea vilima. Tulipopata kiwanja huku juu tulikishukuru hata kabla hakijawa na choo. Tukajenga chumba kimoja, kisha cha pili, tukaingia bila plasta, bila dari, madirisha tumeyaziba kwa magunia. Kila mtu mtaani alikuwa hivyo. Nyumba zilikuwa za watu waliochoka kupanga, na katikati yake viwanja vitupu vya watu wanaokaa mjini, nyasi zimepanda hadi kifuani.

Jirani wetu wa karibu alikuwa anauza vipuri vya pikipiki. Alikuwa na mke, mtoto mchanga, na mama yake mzazi aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi. Yule bibi alimpenda sana mume wangu. Jioni walikuwa wanamtoa nje kwenye kiti, naye anamtazama mume wangu akichonga upande wa pili wa uzio wa miti. "Mwanangu, leo unatoa nini humo ndani?" alikuwa akiuliza, kana kwamba kinyago kimejificha kwenye gogo. Mume wangu alikuwa anamjibu kwa heshima zote: "Shikamoo bibi. Bado sijamwona vizuri."

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na lundo la maranda. Mume wangu alikuwa akilichoma kidogo kidogo, asubuhi, kukiwa hakuna upepo, na ndoo ya maji pembeni. Moshi wake mtaa mzima waliujua. Nautaja kwa sababu ndio uliotuponza.

Moto ulitokea bondeni mchana wa kiangazi. Mwanzo nilisikia mlio nikadhani ni lori linamwaga kokoto. Nikatoka na sentimita yangu ya kupimia shingoni. Bonde lote lilikuwa jeusi kwa moshi na chini ya moshi kulikuwa na mstari mwekundu unaopanda kilima kwa kasi ya mtu anayekimbia. Panya walipita miguuni kwangu. Nyoka alipita, hakuna aliyemjali. Mikorosho ilikuwa inapasuka kwa mlio wa bunduki, na majani yake yanayowaka yalikuwa yanaruka juu ya nyumba moja na kuangukia nyingine.

Niliburuta cherehani hadi mlangoni, ikanasa, nikaiacha. Mtungi wa gesi ulilipuka nyumba ya tatu kutoka kwetu, bati likaruka hewani likizunguka. Nilimwona mama mmoja ana moto kwenye khanga, watu wanamvingirisha kwenye vumbi, wanampiga kwa mikono kuuzima, naye anapiga kelele waache kumpiga. Nilipogeuka kumtafuta mume wangu sikumwona. Kisha nikasikia sauti ya bibi.

Alikuwa ndani. Mkwe wake alikuwa amesafiri kwao na mtoto, na mwanawe alikuwa akimwacha asubuhi na kufunga geti la mlango kwa kufuli, maana wezi walikuwa wameshaingia mara kadhaa. Mchana alikuwa anarudi na pikipiki kumlisha. Siku hiyo alikuwa bado hajafika. Mume wangu alikuwa barazani kwao, ana tezo lake la kuchongea mkononi, anapiga lile kufuli. Lilikuwa kufuli kubwa. Kila alipopiga cheche ziliruka na geti likatikisika lakini halikuachia. Kenchi za paa zilikuwa zimeshashika moto. Bibi alikuwa anapiga kelele, jina la mwanawe, kisha "fungua, fungua", kisha hayakuwa maneno tena. Nilikuwa uani kwetu, nasikia yote. Mume wangu alikuwa anamwambia, "Nakuja bibi, nakuja," huku nywele zake zinaungua.

Paa lilishuka lote kwa pamoja. Nguvu yake ilimtupa mume wangu chini ya ngazi. Sauti ikakatika.

Jirani alifika wakati huo huo. Aliiacha pikipiki ikiwa inanguruma, ikaanguka, akaja mbio. Aliona nyumba yake imekaa chini kama sufuria iliyofunikwa, na mume wangu ameshainuka mbele yake, yu hai, na tezo mkononi. Walitazamana. Nadhani kila kitu kilichofuata kilianzia kwenye kutazamana kule. Watu wanne walimshika jirani asiingie kwenye makaa. Alimng'ata mmoja wao mkono hadi akatoka damu.

Bibi alizikwa kesho yake asubuhi. Sisi hatukwenda makaburini. Mume wangu alikuwa na malengelenge usoni na hakuweza kufumbua macho sawasawa. Tulikuwa kwenye majivu yetu, tunachambua. Niliipata pasi yangu ya mkaa, ya chuma, nzima kabisa. Nilikuwa nimeishika, nafurahi kijinga kabisa, niliposikia miguu ya watu wengi.

Walikuwa wametoka msibani moja kwa moja, wengine bado wana kofia na udongo wa kaburi mikononi. Mbele alikuwa jirani. Mkononi alikuwa na nondo, imepinda kwa moto, nadhani aliichomoa kwenye kifusi cha nyumba yake.

"Ndo huyu," mtu akasema. "Kila siku moshi kwake."

"Kachoma maranda yake, upepo ukabeba."

"Na alikuwa mlangoni kwa marehemu na silaha. Alikuwa anatafuta nini?"

Mume wangu aliinuka. Alisema, "Jamani, jana sikuchoma kitu. Nisikilizeni." Hilo ndilo pekee alilopata kusema. Jiwe lilimpata mdomoni. Akashika mdomo, na lilipokuja la pili akapiga magoti, na walipoona amepiga magoti ndipo walipopata nguvu. Nimeshona nguo za watu wale. Nilikuwa najua viuno vyao na mabega yao. Mmoja nilikuwa nimemshonea sare za watoto wake wote, ndiye aliyekuwa anamkanyaga mgongoni kwa buti, anakanyaga na kusema "sema, sema," wakati mdomo wa mtu umejaa meno yaliyovunjika.

Mume wangu aliweka mkono wa kulia juu ya kichwa kujikinga. Jirani aliinua nondo akaishusha kwenye mkono ule. Nilisikia. Akaishusha tena. Wala hakuwa anapiga kelele kama wenzake, alikuwa anapiga taratibu kama mtu anayetwanga, machozi yanamtiririka.

"Leteni petroli!" mtu akapaza sauti nyuma. "Na yeye aungue aone!" Kulikuwa na tairi. Sijui lilitoka wapi. Mtaa mzima umeungua, lakini tairi lilipatikana.

Niliruka. Sikumbuki kuamua. Nilimpiga jirani kwa pasi, usoni, chini ya jicho, nikasikia chuma kinagonga mfupa. Alikaa chini ghafla. Nililala juu ya mume wangu na nikaendelea kuipunga ile pasi kwa kila mguu uliosogea. Walinipiga na mimi. Mbavu zangu hadi leo hujua mvua inakuja. Kilichotuokoa ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mama wa makamo, mnene, ambaye alikuja na mgambo wawili na akafanya jambo ambalo mgambo wasingefanya: alikaa kwenye lile tairi. Alilikalia kabisa, kama kiti.

"Haya," akasema, anahema. "Mkimchoma, mtaanza na mimi. Nani ana kiberiti?"

Hakuna aliyejitokeza. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja, kwa nyuma, kama wanaotoka kwenye mkutano unaochosha.

Polisi tulipata PF3, ile fomu ya kutibiwa, hospitali tukapata benchi, na baadaye sana tukapata daktari. Alisema mifupa ya kiganja imesagika, vidole viwili havitakunja tena. Mume wangu alimuuliza kama ataweza kushika patasi. Daktari akasema, "Mzee, kijiko kwanza." Alicheka. Sisi hatukucheka.

Dada yangu alikuja na bajaji kutuchukua turudi Temeke. Mume wangu alikataa kupanda. Midomo ilikuwa imevimba, maneno yanatoka kwa shida.

"Nikihama watasema kweli nilichoma."

"Watakuua," nikamwambia.

"Basi waniulie kwangu."

Nilimkasirikia kuliko nilivyowakasirikia wao. Lakini tulirudi, tukafunga turubai kwenye kuta mbili zilizobaki, tukakaa.

Ndivyo mtaa ulivyoanza kujengwa upya, na sitasema watu walishikana mikono, maana hawakushikana. Msaada ulikuja: magodoro, unga, ndoo, mabati ya kugawana. Kwenye kugawana mabati kulipigwa ngumi. Mawe ya mipaka yalikuwa yamefukiwa na majivu na kifusi, kila mtu akidai lake lilikuwa mbele zaidi, na nimeona ndugu wa tumbo moja wanatishiana mapanga kwa ajili ya upana wa mlango. Boza la maji lilipopanda kilima wanawake tulikuwa tunakimbia na ndoo, na mke wa jirani, aliyekuwa amerudi kutoka safari na kukuta mkwewe kaburini na mumewe na uso ulioshonwa, alinisubiri pale. Alinishika nywele kutoka nyuma. Tulipigana kwenye matope ya boza, mbele ya watu, nguo zikatuvuka. Nilimng'ata bega. Yeye alinikandamiza uso kwenye tope hadi nikaona giza. Walipotutenganisha, maji yetu wote wawili yalikuwa yamemwagika na boza limeshaondoka. Tulirudi nyumbani na ndoo tupu, njia moja, yeye mbele mimi nyuma.

Nilifyatua matofali mwenyewe, mume wangu akichanganya udongo na saruji kwa miguu kwa kuwa mkono ulikuwa umebaki mmoja. Tukipanga tofali zikauke, asubuhi tunakuta zimepondwa. Si zote, ila za kutosha kutuumiza. Nilijua ni nani. Mume wangu alikuwa anaokota vipande, anavirudisha kwenye mchanganyiko. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekaa kama ukucha wa kuku. Jioni alikuwa anajaribu kuchonga kwa kushoto, kipande kidogo cha mti laini, patasi inateleza na kumkata goti. Nilikuwa nazifua zile suruali zenye damu kimya kimya, namwombea jirani mabaya ambayo sitayaandika.

Siku moja mwenyekiti aliitisha mkutano. Alikuwa ameshuka bondeni na watu wa zimamoto, na alisema moto ulianza ng'ambo ya kijito, kwenye kiwanja cha mtu wa mjini. Mama anayeuza uji kwa vibarua alisimama akathibitisha. Siku ile asubuhi alimwona kibarua mmoja anachoma nyasi badala ya kufyeka, amalize haraka. Alimuuzia uji, akamwacha pale anachochea. Alikuwa anaogopa kusema tangu mwanzo, kwa alichokiona kikitendeka kwetu.

Watu walitutazama, kisha wakatazama viatu vyao. Aliyemkanyaga mume wangu kwa buti aliondoka kabla ya kufungwa kikao. Jirani alikaa mwisho wa benchi, kovu linamng'aa chini ya jicho. Hakutugeukia hata mara moja.

Hawakupata muda mrefu wa aibu. Kibarua mwenyewe alirudi. Hakujua, nadhani, au alijua na alikuwa na njaa. Alikuja kuomba kazi ya kubeba tofali kwenye nyumba mojawapo, yule mama wa uji akamtambua, akashindwa kujizuia akasema "he!" Hiyo tu ilitosha. Nilipofika, walikuwa wameshamwangusha kwenye lundo la mchanga. Kijana mzima, mwembamba, shati limechanika, damu inamtoka sikioni. Alikuwa anasema, "Niliambiwa nichome, bosi aliniambia," anarudia hivyo hivyo.

Nitasema nilichohisi. Nilitaka wampige. Niliona wanampiga na mwili wangu ukapata raha, raha ya kweli, kama maji baridi. Jirani alikuwa mbele, amenyanyua tofali zima juu ya kichwa.

Mume wangu alinipita. Alitembea katikati ya watu, wala hakusukuma mtu, walimpisha wenyewe kwa sababu ya ule mkono. Akaenda akaketi juu ya mchanga ubavuni kwa yule kibarua. Akajiweka karibu, bega kwa bega, kiasi kwamba huwezi kumtupia mmoja usimpate mwingine.

"Toka hapo," jirani akasema.

Mume wangu akatikisa kichwa.

"Toka, braza! Huyu ndo kamuua mama yangu!"

"Umeshampiga mtu mmoja kwa hilo," mume wangu akamwambia.

Jirani alibaki na tofali juu, mikono ikaanza kumchoka, mishipa ya shingo imesimama. Kisha alilibwaga chini kando, likapasuka, akaanza kulipiga mateke lile tofali lililopasuka, analitukana, hadi kiatu kikamtoka. Watu walirudi nyuma. Mgambo walimchukua kibarua, wakampeleka kituoni kwenye bajaji, na mwenye kiwanja alifunguliwa kesi ambayo hadi naandika haya inaahirishwa.

Mume wangu alirudi nyumbani akatapika. Sikumsemesha hadi kesho yake. Nilikuwa na hasira naye, na hasira yenyewe ilikuwa haina jina.

Tofali zetu hazikupondwa tena. Tulifika kwenye renta juu ya madirisha, tukapandisha kenchi, tukaezeka. Jirani naye aliezeka. Nilikuwa naona safari hii mlango wake hakuuwekea geti.

Jioni moja alisimama kwenye mpaka wetu, pale ulipokuwa uzio wa miti. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, mimi napepeta mchele.

"Fundi," akaita. Hakuvuka. "Nataka kukuuliza kitu kimoja, halafu basi. Siku ile, pale mlangoni. Mama alikuwa anaita?"

Mikono yangu ilisimama juu ya ungo.

Mume wangu aliinua uso. "Hapana," akasema. "Nilipofika alikuwa kimya. Moshi ulikuwa umeshamlaza. Nilikuwa namwita mimi, yeye haitiki."

"Hakuita?"

"Hakuita."

Jirani akanigeukia. Alijua nilikuwa uani siku ile. Nilikuwa na nafasi yangu pale, mkononi kabisa, bila pasi wala jiwe. Sauti ya yule bibi ilikuwa inanijia kila nilipozima taa.

"Sikusikia kitu," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi, akageuka, akaenda zake. Hakusema asante wala samahani.

Kiangazi kilichofuata mwenyekiti alitoa amri tufyeke njia pana upande wa bondeni, kila kaya itoe mtu. Tulitoka wote, na makwanja na majembe. Kulikuwa na mkazi mpya, bwana mwalimu aliyenunua kiwanja mwaka ule, mtu wa maneno mengi. Alimtazama mume wangu akifyeka kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameukunja tumboni.

"Pole mzee wangu. Hiyo ni ajali ya kazini?"

Mume wangu alikuwa anatafuta jibu la kumalizia mazungumzo. Jirani, aliyekuwa hatua chache mbele, alisimama.

"Si ajali," akasema. "Nilimvunja mie. Kwa nondo. Na hakuwa na kosa lolote."

Makwanja yote yalinyamaza. Aliyekuwa na buti siku ile alikuwepo, akainama kunoa jembe ambalo halinolewi.

Mume wangu akaelekeza kwa kidevu. "Anza kukata huku chini," akamwambia. "Upepo unatokea bondeni."

Wakaendelea.

Mimi nilikuwa nimeshuka na birika la chai na vikombe kwenye beseni. Niliwamiminia wote, mmoja mmoja, mwalimu, mwenyekiti, hata yule wa buti. Kikombe cha jirani nilikijaza vizuri, sukari nikaweka. Nikampa mke wake ampelekee.